Mikono ya Mlenda

Jumatatu, 18 Novemba 1974

Mvua ya kwanza leo. Wenzangu wamepiga vigelegele, mimi nimekimbilia ndani na mwanangu Maua kifuani. Najua mvua ni heri, mahindi hayaoti kwa jua. Ila tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya huku upande wa Kigwa, nyumba zimepangwa mistari juu ya uwanda, miti imekatwa yote, na radi ikitafuta pa kushukia inatukuta sisi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, amefunika kioo kwa khanga na kusukuma sufuria zote uvunguni. Kitambaa changu chekundu kanivua kichwani kwa mkono wake.

Yahaya, mume wangu, akamcheka. "Mama, radi haichagui rangi."

"Basi iulize ikija."

Akacheka zaidi. Mimi sikucheka. Shamba lake la tumbaku liko wazi, upande wa reli, hakuna hata kibanda.

Daftari hili ni la elimu ya watu wazima. Nesi wa zahanati ninakofanya kazi anasema mtu wa darasa la nne asipoandika atasahau hata jina lake, kwa hiyo naandika.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Maua ameota jino.

Jumamosi, 23 Novemba

Zahanati yetu ni vyumba viwili vya tope na bati juu. Tuko wawili, Nesi Apolinaria na mimi mhudumu. Nafagia, nachemsha sindano, nasafisha vidonda, akizalisha namshikia taa. Ni mtu mzima wa kumwamkia, na kila asubuhi namwamkia. Lakini yeye ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, wakatukanana njiani miaka na miaka mpaka wakawa ndugu. Basi shikamoo na marahaba zikiisha, utani unaanza.

"Mpagazi, maji umeshabeba? Au leo unangoja pembe za ndovu?"

"Yapo, mla mlenda. Kunywa taratibu, kwenu hamjayaona tangu Mjerumani."

Mgonjwa mwenye homa kacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 26 Novemba

Leo alikuja daktari kutoka mjini kutufundisha kuuamsha moyo uliosimama. Mtu analazwa chali mahali pagumu. Mmoja anambonyeza katikati ya kifua, mwingine anamrudisha kichwa nyuma, anambana pua na kumpulizia pumzi mdomoni. Akasema aliyepigwa radi ndiye hasa wa kujaribiwa, maana mwili mzima bado, ni moyo tu umeshtuka. Na radi haibaki ndani ya mtu, aguswe upesi.

"Ni kama kutwanga," alisema. "Nyinyi akina mama mnajua kutwanga." Tukacheka.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nikamwambia Yahaya, "Hata ukipigwa, nitakutwanga mpaka uamke."

"Kwani sasa hunitwangi? Kila siku, kwa maneno."

Nimemwomba kitu kimoja: akisikia ngurumo aache jembe aje kijijini. Amesema atafikiri.

Jumanne, 3 Desemba

Ngurumo tangu mchana. Nilisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Kaja ameloa chapachapa, anaimba.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mvua imevunja ngoma.

Alhamisi, 12 Desemba

Nitaandika ilivyokuwa.

Anton, jirani yetu, mume wa Leonia, alikuwa kondeni anapalilia, radi ikampiga. Wamemleta juu ya kitanda cha kamba, wakasimama nje ya uzio wa zahanati. Lugembe, balozi wetu wa nyumba kumi, amewazuia. Anasema aliyepigwa radi haguswi mpaka mganga wa radi amzungushie dawa, moto bado umo.

Nesi akatoka kwenye mvua, akamshika Anton mkono. "Lugembe, nimemshika. Unaniona naungua?"

Wakamleta barazani. Nesi akasema nibonyeze mimi kwa kuwa nina nguvu za ujana, yeye apulize. Nikapiga magoti. Moyoni nilikuwa nasema twanga, twanga. Nilitwanga kama natwanga mtama wa harusi, mikono inapanda, inashuka. Nesi aliinua macho akanitazama. Kisha akanitazama tena. Nilidhani ananitia moyo. Leonia alikuwa ameshika mguu wa mumewe, macho kwenye viganja vyangu, kama mtu anayeangalia mzani wa tumbaku yake.

Anton hakuamka.

Nesi akanishika mabega. "Basi, mama. Umefanya kazi."

Amesema umefanya kazi. Hakusema umefanya vizuri. Kwa nini neno hilo haliniachi?

Jumamosi, 14 Desemba

Tumemzika Anton. Nesi alifanya kazi ya mtani. Kaburi likiwa wazi alikwenda kujilaza kando yake, akasema, "Anton, sogea, nafasi hii ni yangu, wewe mpagazi umezoea kulala njiani!" Wazee wakacheka na machozi. Ndivyo ilivyo kwetu, mtani akishaanza kutania juu ya maiti, hata aliyekuwa anabisha anajua kweli mtu amekwenda, na kilio kinashuka vizuri. Bi Mwanajuma ameniambia tangu utotoni hajaona mtani mzuri kama yule Mgogo.

Nesi alipoinuka pale chini macho yake yalikuwa mekundu sana.

Jumanne, 17 Desemba

Tulikuwa tunachemsha sindano. Nesi akasema bila kunitazama, "Siku ile, Mama Maua, ulikuwa unatwanga."

"Si ndivyo daktari alivyosema?"

"Alisema kama kutwanga. Lakini mchi unaunyanyua, unakunja viwiko, halafu uzito wa mti ndio unaofanya kazi. Sasa kwenye kifua cha mtu mchi uko wapi? Ukinyanyua viganja unagonga ngozi tu. Nyoosha mikono, mabega yawe juu yake, kiganja kisitoke kifuani. Uzito ni wako wewe. Unabonyeza, unakiachia kifua kipande, unabonyeza."

Akanionyesha juu ya mto.

"Uliliona hilo pale pale?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Mkewe alikuwepo. Balozi alikuwepo. Ningekuambia pale wangesema mhudumu amemuua Anton. Ungeishije hapa, na mtoto mchanga?"

Nikamuuliza kama angepona. Akasema hajui, Anton alikaa kondeni muda mrefu kabla hawajamleta, huenda hata mikono ya daktari isingemrudisha. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio umenichoma. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 20 Desemba

Shikamoo, marahaba. Utani hakuna. Zahanati imekuwa kama nyumba ya watu waliotalikiana. Mvua inapiga bati.

Jumatano, 25 Desemba

Jana Idd, leo Krismasi. Nesi kaja nyumbani, akala pilau yetu ya jana ikiwa baridi. Bi Mwanajuma alipotoka nje, nikashindwa kuvumilia.

"Nesi, wewe siku nzima unaniita mpagazi, unaniita punda wa Mwarabu, mbele ya wagonjwa, mbele ya mume wangu. Sijawahi kuona aibu. Halafu kifo kinaingia mlangoni ndipo unanifanyia adabu!"

Akaacha kutafuna. Nilidhani nimemkosea. Kisha akasema polepole, "Kumbe ningekutukana."

"Ungenitukana!"

"Mtani hakasiriki."

"Hana ruhusa ya kukasirika."

Tumekubaliana hapo hapo. Mtu akiwa chini, hakuna Nesi wala Mama Maua. Anayeona kosa la mwenzake atapiga kelele kwa utani, na anayeambiwa atarekebisha kwanza, kukasirika baadaye. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 8 Januari 1975

Tunafanya mazoezi juu ya gunia la pumba. Kwangu Nesi hana taabu: "Mpagazi, viwiko! Unabembeleza mzigo?" Mimi ndiye mgumu. Yeye akichoka mikono inalegea, anaegemea tu, kifua hakipandi, na mwenyewe hajui. Leo nimeona, nikasema, "Nesi, samahani, naomba kama inawezekana..."

Akasimama. "Mtu amekwisha kufa, wewe bado unaomba samahani."

Nikajaribu tena. Sauti ilitoka ya panya. Nililelewa kutomkatiza mtu mzima hata akitia chumvi kwenye chai.

Jumapili, 19 Januari

Bi Mwanajuma alipita akatukuta tunatukanana juu ya gunia. Akaomba toba. "Mnatania kitu kimelala kama maiti, tena masika haya? Mnaita nini?" Jioni hakula nami.

Jumanne, 11 Februari

Radi imepiga zizi. Mbuzi saba chini, kama wamelala. Maua aliwanyooshea kidole akacheka, nikamfunika macho.

Alhamisi, 13 Februari

Leonia amemleta mwanawe na homa. Nilimwogopa mwanamke huyu, nilikuwa nazunguka nyumba nisikutane naye. Kumbe alikuwa anangoja niende kumsalimu. "Umenitupa, Mama Maua. Ulimshika mume wangu wakati ndugu zake wanaogopa kumshika, halafu ukanitupa." Nilimbeba mwanawe mpaka kwao.

Ijumaa, 21 Februari

Yahaya sasa anarudi kila akisikia ngurumo. Wenzake wanamwita Bibi Harusi. Anasema acha waseme. Mungu amzidishie.

Jumamosi, 8 Machi. Tabora mjini, baraza ya hospitali

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Ilikuwa juzi, mchana. Mawingu yalitoka upande wa Urambo, meusi kama chungu. Ngurumo ya kwanza tu nikatoka kwenye baraza ya zahanati kutazama njia, na nikamwona. Anakuja, jembe kaliacha kama nilivyomwomba, mikono mitupu juu ya kichwa, anakimbia huku anacheka. Alishapita uzio. Nilimpungia mkono.

Sikusikia sauti. Niliona weupe tu, na baada ya weupe Yahaya alikuwa chini.

Mimi ndiye niliyemwambia aje.

Nesi alinipita mbio. Tukamburuta hadi barazani. Lugembe alikuwa dukani ng'ambo, akaanza, "Msimguse, msi..." Masolwa, kijana Msukuma mwenye duka, akamsukuma kando akatusaidia kumwinua miguu. Hakuwa anapumua. Kiatu kimoja kilikuwa kimepasuka. Nesi akasema, "Mimi nabonyeza. Wewe mikono yako leo haifai, puliza."

Nikambana pua mume wangu, nikampulizia. Kifua kikapanda, kikashuka. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya mvua. Nesi akabonyeza, mabega juu, mikono imenyooka kama fito. Nikapuliza. Akabonyeza. Mvua ikashuka juu ya bati, hatukuweza tena kusikiana.

Nikaona mikono yake inalegea.

Nilijua jinsi inavyoanza. Viwiko vinafunguka kidogo, anaegemea badala ya kubonyeza, na kifua kinakaa chini hakirudi. Yule ni mama mtu mzima, amezalisha nusu ya kijiji, alikuwa anampigania mume wangu kwa nguvu zake zote. Nikasema, "Nesi, samahani." Naapa, nilisema samahani. Bati likaimeza.

Nikamwangalia Yahaya. Midomo ilikuwa ya majivu.

Nikapiga kelele mpaka koo likapasuka. "Mla mlenda! Mikono ya mlenda hiyo! Bonyeza, Mgogo wee, au njaa ya kwenu imekumaliza?"

Mgongo wake ukanyooka kama umepigwa fimbo. "Puliza, mpagazi! Pumzi umeiacha yote Bagamoyo? Kichwa nyuma, unamlaza kama mzigo wa chumvi!"

Kweli, kichwa kilikuwa kimerudi mbele. Nikakirudisha. Pumzi ikaingia.

"Achia kifua kipande, mla mlenda!"

"Nimeachia! Puliza, punda!"

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo hakuna aliyelifikiria, si Nesi wala mimi. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio. Bi Mwanajuma alikuwa amekuja na Maua mgongoni. Hawakuwa wanatuona vizuri kwa mvua, lakini walitusikia. Walisikia Mgogo na Mnyamwezi wanataniana juu ya mtu aliyelala, na wote wanajua mtani anatania juu ya nani.

Bi Mwanajuma akarusha mikono. "Mwanangu weee!"

Kilio kikalipuka. Uzio mzima. Wanawake wakajitupa kwenye matope, mtu akakimbia kwenda kuwaambia wa mstari wa pili, nikasikia kilio kinahama nyumba hadi nyumba kama moto wa nyasi. Bi Mwanajuma akapanda barazani, akanishika kichwa, akanifungua kilemba. Alikuwa ananikalisha eda.

"Kaa chini, mwanangu. Kaa. Imetosha."

"Mama, hajafa!"

"Mtani ameshasema."

Lugembe naye, kwa huruma kabisa, machozi yanamtoka, akamshika Nesi mkono. "Mwache apumzike, Nesi. Mmejitahidi." Nesi akasita. Niliona anasita! Watu wote wale wanalia, mama mtu analia, mtu anaanzaje kumbonyeza maiti mbele ya mamaye? Hata mimi kwa kufumba na kufumbua nilikaribia kukaa chini. Kilio cha watu wengi kina nguvu, kinakuvuta.

Nikamwuma Bi Mwanajuma mkono. Mama mkwe wangu. Akaniachia.

"Mgogo! Nani kakuruhusu kupumzika? Bonyeza!"

"Nimechoka, mpagazi." Ilikuwa sauti ya kweli, si ya utani.

"Basi ondoka! Masolwa! Njoo!"

Masolwa alikuwa anafuta machozi. Akapiga magoti, akaanza, na alianza kama mimi nilivyoanza siku ya Anton, viwiko vinapiga, viganja vinaruka. Kabla sijafungua mdomo Nesi akamvamia, na safari hii hakuangalia kama kuna mke wala balozi. "Unatwanga, Msukuma! Huna mchi! Nyoosha mikono! Kiganja kisitoke! Kandamiza kama unazuia ndama, ng'ombe wako wanakusikia vipi na mikono hiyo?"

Masolwa akanyoosha mikono. Ana mabega, yule kijana. Kifua kikaenda chini, kikapanda. Nikapuliza. Kikaenda chini, kikapanda. Nyuma yangu watu walikuwa wanamlilia mume wangu kwa jina lake, wanataja wema wake, wanamtaja na Maua, "umemwachia nani Maua", na Maua mwenyewe akisikia jina lake alikuwa anapiga yowe mgongoni kwa bibi yake. Sikugeuka. Ningegeuka nisingerudi.

Nilipoinama tena, pumzi ilinigonga usoni kabla sijatoa yangu.

Nilidhani ni upepo. Nikaweka shavu. Ikaja tena, mbaya, yenye mkoromo, kama mtu anayezama. Nesi akaweka vidole shingoni. Alikaa navyo sana. Midomo yake ikacheza bila sauti, anahesabu mapigo, halafu akamshika Masolwa mikono yote miwili kumzuia.

Wakati huo wote hakuna aliyeacha kulia. Hawakujua.

Jumatatu, 10 Machi. Hospitali

Tulimleta kwa treni. Madaktari wanasema moyo unapiga sawa. Sikio moja huenda likarudi, huenda lisirudi. Macho yanafunguka. Ananitazama lakini hasemi. Namwambia jina langu, namwambia Maua. Hasemi.

Jumanne, 18 Machi

Kimya.

Jumatano, 26 Machi

Tumerudi kijijini. Anatembea, anakula, anakaa mkekani ukutani na kutazama mvua. Kinywa hafungui. Bi Mwanajuma haniangalii. Si kwa kumwuma, amesema mwenyewe. Ni kwa sababu nilitania juu ya mwanawe angali hai. Anasema utani ule ulimfungulia mlango, nusu yake ikaondoka, na nusu iliyobaki ndiyo ile mkekani. Nesi akipita haitikii salamu yake.

Na mimi naogopa. Naogopa labda anasema kweli. Nikimlisha Yahaya naangalia macho yake, natafuta yule aliyekuwa anakimbia huku anacheka.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Leonia kaleta maziwa. Kakaa na Yahaya muda mrefu bila neno, wawili kimya. Hakuniambia nina bahati. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nesi kaja leo mchana. Bi Mwanajuma alikuwa anachambua mboga, akamgeuzia mgongo. Nesi akabisha hodi mara mbili, akakosa jibu, basi akavua viatu, akaingia uani kama kwake, na bila kusema lolote akamkamata jogoo wa Yahaya. Akamtia kwapani, akaanza kuondoka.

Bi Mwanajuma akainuka. "We! Unampeleka wapi?"

"Nachukua hongo yangu. Wapagazi wakipita Ugogo walilipa hongo, ushuru wa njia. Nimefanya kazi ya mtani msibani kwenu, nikatukana mpaka sauti ikakauka. Mtani hatoki msibani mikono mitupu."

"Msiba upi? Hapa hapajafiwa! Mwanangu yu hai!"

"Eti yu hai." Nesi akamnyooshea jogoo. "Kama yu hai, aje amtetee kuku wake."

Nilitaka kumfukuza. Nilifikiri amepita mpaka, mama wa watu anatetemeka. Jogoo akapiga mbawa na kelele.

Yahaya akageuza shingo. Polepole, kwa upande wa sikio zima. Akamtazama jogoo, akamtazama Nesi. Koo lake likapanda na kushuka mara kadhaa kama pampu iliyokaa bila maji.

"Mwache," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, yenye kutu. "Mwache jogoo wangu, Mgogo wee. Kale mlenda."

Bi Mwanajuma akakaa chini pale pale, juu ya mboga zake.

Nesi hakumwachia. Akasema hongo ni hongo. Yahaya akanyoosha mkono kumdai, akamwita neno ambalo sitaliandika, Nesi akamjibu baya zaidi, na Bi Mwanajuma, analia, akaanza kuwaambia wote wawili wanyamaze, kisha akamwambia Yahaya arudie, arudie tena alivyosema. Matone makubwa yakaanza kuanguka, na mbali upande wa reli ngurumo ikajikokota. Yahaya akashtuka, akaushika mkono wangu kwa nguvu, akaniumiza. Tukaingia ndani sote, Maua mgongoni kwangu, jogoo bado kwapani kwa Nesi, na Yahaya nyuma yake bado anamdai.